Sura ya Saba: Kaburi la Kando ya Ua

"Aliyejimaliza hachimbiwi hapa, nimesema, hapa ni—"

"Ulimzaa wewe? Mimi ndiye nilimzaa, na mimi nasema—"

"—ni kando ya ua, kule kwa migomba, na hakuna ngoma—"

"—mbele ya nyumba ya babake! Mbele! Aangalie mlango!"

"Mama Phanuel, desturi haikuanza na wewe!"

"Hata uongo haukuanza na mimi, shemeji!"

Walikuwa wameshika mpini wa jembe moja, kila mtu akivuta kwake. Katikati yao alisimama Inspekta Lusweti wa upelelezi, kofia mkononi, akipokea mate ya kulia na ya kushoto bila kujipangusa. Mzee Ambetsa, aliyevuta kutoka kulia, alikuwa ndugu ya marehemu mume wa Navalayo, na ndiye mkubwa wa boma. Navalayo, mama wa marehemu kijana, alivuta kutoka kushoto. Alikuwa mjane muuza mboga, mwembamba kama fito, lakini jembe lilikuwa linaelekea kwake.

Mtu waliyekuwa wanamgombania alikuwa sebuleni, ndani ya jeneza, hasikii.

Phanuel alikuwa karani wa kura. Alhamisi, watu wa wadi ya Shirandu, wa pande zote mbili za mto, walipiga kura ya kumchagua diwani, maana yule wa zamani alikuwa amefariki. Mvua ya El Nino ilinyesha, lakini watu walijaa kituo cha kijiji cha Shirandu mpaka karatasi za kura zikaisha jua likiwa bado juu. Phanuel akatumwa ng'ambo ya mto, kituo cha shule karibu na soko la Mukangu, alete bunda lingine. Hakurudi. Watu wakasimama na mvua yao mpaka kituo kikafungwa, wakalala na kura zao tumboni. Kesho yake kina mama waliokwenda mtoni walimkuta chini ya mizizi ya mti, maji yanamchezea shati. Karatasi za kura zilikuwa zimetapakaa kwenye matete kama manyoya ya ingokho, kuku aliyechinjwa.

Kufikia jioni kijiji kilikuwa kimeshatoa hukumu. Alinunuliwa akazitupa karatasi, kisha aibu ikamtupa yeye. Na aliyejiua, kule, anazikwa kando ya ua kama mbwa wa jirani: hapigiwi ngoma za isikuti, haimbiwi, na hakuna mtoto atakayepewa jina lake, leo wala kesho. Mtu anakufa mara mbili.

"Mzee," Lusweti alisema, "nani alikuambia kijana alijiua?"

"Hayo mabuti yalisema! Mtu anayevua mabuti na kuyapanga vizuri kando ya mto, anaenda kuoga na hiyo mvua?"

"Nipe nafasi kidogo."

"Mchungaji ameenda kuzika mwingine kule Bukura. Akifika hapa, mimi nazika." Mzee Ambetsa aliachilia jembe ghafla, na Navalayo karibu aanguke nalo. "Ukiniletea neno la maana kabla ya mchungaji, nitachimba mbele ya nyumba kwa mikono yangu mwenyewe. Usipoleta, kule kwa migomba. Na huyo mama asinishikie jembe tena."

Navalayo alilikalia lile jembe.

*

"Mzee ana haki kidogo, Afande," Konstebo Jepkemboi alisema wakiteremka kwenda mtoni. Yeye alikuwa mtu wa Lumakanda, binti wa mashamba ya mahindi, na matope hayakumtisha. Chini ya kwapa alibeba mfuko wenye mabuti ya mpira ya Phanuel. "Yalikuwa yamepangwa sawasawa, kama mbele ya mlango wa msikiti kule Mumias. Mtu aliyesukumwa hapangi viatu."

"Na Wanjala?"

"Wanjala si yeye."

Wanjala alikuwa dereva wa Khalayi, mkunga aliyegombea udiwani akashindwa. Asubuhi ya kura watu walimwona akimnyooshea Phanuel kidole, akifoka kwamba makarani wote ni wezi. Usiku mmoja mzima walimweka ndani wakidhani wamepata mtu. Lakini Jepkemboi alikuwa ametoka Sigalagala na habari nyingine: mchana ule wote Wanjala alikuwa ameegemea pikapu iliyokwama, na nusu ya wanafunzi wa ufundi wakimsukumia na kumcheka.

"Na halafu," Lusweti alisema, "Wanjala atatupa vipi karatasi za Shirandu? Shirandu ni kwao Khalayi. Akina mama wote hapa walizalishwa na yeye. Kila karatasi iliyozama ilikuwa kura ya bosi wake."

Jepkemboi alisimama. "Kwa hiyo aliyefaidika—"

"Tutazame daraja kwanza."

Daraja lenyewe lilikuwa gogo la mkaratusi lililolazwa juu ya mto Isiukhu, na waya umefungwa kando wa kushikilia. Maji yalipita chini yake mekundu, yakipiga kelele. Mzee mmoja alikuwa anavuka kutoka ng'ambo. Walimtazama. Alifika mwanzo wa gogo, akainama, akavua viatu na soksi, akafunga kamba za viatu akaviangika shingoni, akavuka miguu mitupu kama kuku anayepita juu ya fito. Alipofika upande wa Shirandu alikaa juu ya jiwe, akapangusa miguu kwa majani, akaanza kuvaa.

"Mulembe, mzee," Lusweti alisalimia. "Mbona usivuke na viatu?"

"Unataka nife? Hili gogo hakuna mtu anavukanga na viatu. Hata mbunge akikuja atavua."

Mzee akaenda zake. Lusweti alikaa juu ya jiwe lile lile.

"Jepkemboi, mabuti yalipatikana upande gani?"

"Huu. Hapo hapo ulipokaa."

"Na kijana alikuwa anatoka wapi?"

"Mukangu. Ng'ambo." Aligeuka akalitazama gogo. "Kwa hiyo alikuwa ameshavuka."

"Alishavuka salama, mabuti mkononi, bunda kwapani. Akakaa hapa avae. Sasa niambie maiti ilikuwa imevaa nini miguuni."

"Soksi moja. Ya kulia. Tulisema nyingine ilichukuliwa na maji."

"Toa buti la kushoto."

Jepkemboi aliingiza mkono ndani ya buti mpaka kwenye kiwiko, akatoa soksi. Ilikuwa imekunjwa kama chapati. Waliitazama wote wawili. Ilikuwa imetiwa kiraka kisiginoni kwa uzi wa rangi nyingine, kazi ya mikono ya mtu aliyekaa chini akashona kwa upole.

"Anayetaka kufa havai soksi," Lusweti alisema. "Alikuwa amevaa moja, akaitwa. Akasimama na soksi moja kumwongelesha mtu. Ungesimama hivyo mbele ya adui?"

"Ningekimbia."

"Basi alikuwa mtu wake. Halafu huyo mtu wake, kijana akishaenda na maji, akainama hapa akayapanga mabuti."

Jepkemboi alirudisha soksi ndani ya buti, polepole, kama mtu anayemrudisha mtoto kitandani.

*

Boma lilikuwa limeanza kujaa, lakini si kama kunavyojaa kwenye matanga ya Waluhya. Watu walisimama njiani, nusu ndani nusu nje, wasionekane kama wamekuja kumlilia mwizi wa kura. Ngoma za isikuti zilikuwa zimelazwa kwenye kivuli chembamba cha ghala, ngozi zikiangalia ukuta. Kule kwa migomba vijana walikuwa wamefika magotini kwenye shimo.

Fahali mmoja mweusi alikuwa amefungwa langoni. Alikuwa ameletwa na mkwe, Philemon, mume wa Mideva, dada yake Phanuel. Huyo Philemon ndiye aliyekuwa mwenye kinu cha kusaga mahindi Mukangu, na tangu Ijumaa ndiye aliyekuwa mheshimiwa diwani wa Shirandu.

Mheshimiwa alikuwa amekaa peke yake chini ya turubai la mwisho kabisa, karibu na choo, mgongo kwa nyumba, kofia imeshuka mpaka puani.

"Mbona amejificha hivyo?" Jepkemboi aliuliza. "Hata diwani?"

"Mama mkwe wake yuko. Kwetu huku mtu haonani na mama mkwe. Hamuongei, hamli pamoja, akija kwa njia hii wewe unapita kwa mahindi. Mimi mwenyewe mwaka jana niliruka mtaro pale soko la Kakamega, na suti yangu, kwa sababu nilimwona wangu akichagua nyanya."

Jepkemboi aliziba mdomo. "Na mkikutana ghafla, mkasalimiana?"

"Kwa mkono? Usiseme hata kwa mzaha. Mkono wa mama mkwe haushikwi. Ukishikwa, ukwe umekwisha pale pale, na mke wako aanze kufunga vitu." Aliivaa kofia yake. "Twende tumpe pole."

Philemon alisimama kuwapokea, bado ameupa mgongo mlango wa nyumba. Macho yake yalikuwa mekundu kweli.

"Afande. Mmefanya vizuri kuja. Huyu alikuwa ndugu yangu, si shemeji."

"Pole, Mheshimiwa. Ni maswali ya kawaida tu, tunauliza kila mtu wa nyumba. Siku ya kura ulikuwa wapi mchana?"

"Kwa laini." Aliinua kidole chake kidogo cha kushoto, wino ulikuwa bado mweusi ukuchani. "Mukangu. Wagombea wengine walipelekwa mbele. Mimi nilikataa. Nilisema nitapanga laini kama mwananchi wa kawaida, na mvua initwange kama wenzangu."

"Jambo zuri. Ulisimama muda mrefu?"

"Tangu jua la utosini mpaka karibu wafunge. Miguu iliota mizizi."

"Ulisimama na nani?"

"Mbele yangu fundi wa baiskeli, yule mwenye kibanda karibu na kinu changu. Nyuma yangu nesi wa zahanati, na mwavuli wa manjano. Waulize."

"Na shemeji yako alipokuja kuchukua karatasi, ulimwona?"

Philemon alitikisa kichwa, akatazama chini. "Nilimwona, Afande. Alipita na bunda, akageuka, akanipungia mkono. Hivi. Mpaka leo nauona ule mkono."

"Alipunga kwa yule mwavuli?"

"Alinipungia mimi. Nilikuwa hapo hapo mbele ya mwavuli."

"Kati yako na mwavuli hakukuwa na mtu?"

"Mtu atatoshea wapi? Matone ya ule mwavuli yalikuwa yananiingia kwa kola."

Lusweti alimshukuru, akampa pole mara ya pili. Walipofika mbali kidogo, Jepkemboi alisema kwa sauti ya chini, "Mgombea anayekataa kupelekwa mbele, mimi bado sijazaliwa kumwona."

"Hilo si kosa, ni majivuno. Wanasiasa wakifungwa kwa majivuno tutakosa jela. Ana mashahidi wawili, na amewataja bila kutafuta." Alitazama barabarani. Mchungaji hakuwa ameonekana. "Nataka kumwona mama."

*

Navalayo alikuwa jikoni, na lile jembe lake kando ya figa. Sufuria ya obusuma, ugali wa waombolezaji, ilikuwa imepoa bila kuguswa. Mideva alikaa karibu naye, mimba yake imekaribia siku zake, akikunja na kukunjua leso.

"Mama, nilete swali moja?"

"Lete, mwanangu. Hata wewe una mama."

"Ulimwona Phanuel mara ya mwisho wapi?"

"Mukangu."

Lusweti aliyekuwa anainama kukaa alibaki hewani. "Mukangu? Si wewe ni mtu wa hapa Shirandu?"

"Kulala nalala hapa. Lakini mimi nauzanga mboga Mukangu, na kuandikishwa niliandikishwa huko, nikiwa na kabeji zangu, karani akanifuata pale pale. Kwa hiyo Alhamisi nilivuka nikapanga laini kule. Mvua ikaja. Kanisani tunaambiwa Mungu hamwachi mjane: nesi mmoja akanivuta chini ya mwavuli wake."

"Mwavuli wa rangi gani, mama?"

"Manjano. Mkubwa. Ulikuwa umetufunika mpaka mabegani, mimi na yeye kama vifaranga."

Jepkemboi aliacha kuandika. Lusweti alimfanyia ishara atulie.

"Mbele yako alikuwa nani?"

"Yule fundi wa baiskeli. Mimi, halafu nesi. Nilikuwa nimekanyaga visigino vyake, maskini, laini ilivyobana."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu jua la utosini mpaka nikapiga kura yangu. Sikutoka." Navalayo aliushika mpini wa lile jembe. "Ndiyo hapo alipita. Akatoka kwa darasa na hilo bunda, amelifunika na koti lake, yeye mwenyewe ananyeshewa. Nikainua kichwa kidogo nikamwita. Nikamwambia, ngoja nikusindikize mpaka darajani, mto umejaa. Akacheka. Akanipungia mkono. Akasema, 'Mama, usitoke kwa laini, utapoteza nafasi yako. Piga kura.'"

Kuni zilipasuka motoni. Mideva aliiweka leso machoni.

"Nikabaki kwa laini," Navalayo alisema. "Nilibaki kwa laini, afande. Kwa sababu ya diwani."

Lusweti aliuliza swali lake la mwisho akitazama majivu.

"Mama, unisamehe. Katika laini ile, mkwe wako alikuwepo?"

Navalayo aliinuka nusu, kama aliyeguswa na kaa la moto. "Philemon? Mungu apishe mbali! Angekuwepo ningesimama hapo mimi? Ningerudi nyumbani na kura yangu! Yeye mwenyewe angekimbilia huko Butere! Watu wa Mukangu wangetucheka mpaka Krismasi!"

"Yeye anajua kwamba wewe huwa unapigia kura Mukangu?"

"Atajulia wapi? Ni nani wa kumtajia mama mkwe wake? Hata hajui rangi ya macho yangu, na amemwoa binti yangu miaka hii yote."

Leso ilianguka kutoka mkononi mwa Mideva. Hakuiokota. Alikuwa anamwangalia Lusweti, na Lusweti hakuweza kumwangalia.

"Alirudi nyumbani," Mideva alisema polepole, "amelowa mpaka kifuani. Nikamuuliza, 'Si ulisema ulikuwa chini ya paa la shule?' Akaniambia nipashe maji ya kuoga."

*

Mchungaji alifika wakati Lusweti anapita uani. Alikuwa juu ya baiskeli, joho limefungwa kwenye keria, na Mzee Ambetsa alikuwa ameshaanza kumwonyesha kule kwa migomba.

"Mzee," Lusweti alisema, "nifuate kidogo. Na wewe, mchungaji."

Walikwenda mpaka turubai la mwisho. Philemon aliwaona, akatabasamu nusu, akaanza kuinuka.

"Kaa tu, Mheshimiwa. Kuna kitu kimoja kimenitatiza, nataka unisaidie. Kwa nini umekaa hapa nyuma, karibu na choo? Wewe ni mkwe, umeleta fahali, ni diwani wetu. Kiti chako ni kule mbele."

"Afande, wewe ni mtu wa huku. Unajua. Mama yuko."

"Huwezi kukaa uwanja mmoja na yeye?"

"Siwezi. Heshima."

"Hata kwa dakika chache?"

"Hata kidogo."

"Sasa Alhamisi uliwezaje?"

Philemon aliinua kofia kidogo. "Alhamisi?"

"Fundi wa baiskeli mbele. Nesi nyuma. Mwavuli wa manjano. Mtu hatoshei katikati, umesema mwenyewe. Lakini alikuwepo mtu katikati, Mheshimiwa, chini ya ule mwavuli, mchana kutwa. Alikuwa mama mkwe wako. Ule mkono wa Phanuel unaouona mpaka leo alipungiwa yeye."

Fahali alikohoa langoni.

"Wewe uliuona kwa mbali," Lusweti aliendelea, bila kuinua sauti. "Labda kutoka kwa mlango wa kinu chako. Uliona laini, uliona mwavuli, uliona kijana akipunga. Hukuona uso uliokuwa chini. Ukajipachika hapo. Wino wa kidole chako unasema ulipiga kura, hausemi saa ngapi. Ungejipachika popote pengine katika ile laini, kwa mbele, kwa nyuma, ningekuwa bado nazunguka. Ukachagua mahali pamoja ambapo mkwe hawezi kusimama."

"Afande, watu walikuwa wengi, labda nimechanganya—"

"Ulimtangulia kwa gogo. Ukamngoja upande huu. Alikuwa anavaa soksi."

Ni ile soksi iliyomvunja. Philemon aliangalia mikono yake kana kwamba imekuja na mtu mwingine.

"Nilimwambia akae tu," alisema. "Akae hapo kwa jiwe mpaka wafunge kituo. Si zaidi. Aseme mto ulikuwa umefurika. Nani angebisha? Akasimama na mguu mmoja mtupu, akacheka, akadhani ni mzaha. Akaniambia, 'Shemeji, watu wako kwa laini na mvua. Nitawaambia nini?' Nikavuta bunda. Akavuta. Udongo ukakatika. Sikumsukuma, Afande, naapa kwa tumbo la mke wangu. Nilivuta karatasi tu."

"Alipoingia majini alikuita?"

Philemon alitikisa kichwa kukubali.

"Alikuitaje?"

"Shemeji."

Mchungaji aliketi chini kwenye nyasi mbichi, na joho lake.

"Halafu ukatupa karatasi," Lusweti alisema. "Halafu ukapanga mabuti."

"Nilipanga mabuti."

"Na wewe ndiye," Mzee Ambetsa alisema, sauti yake imekuwa nyembamba, ya mtu mwingine, "wewe ndiye ulikuja kwangu Ijumaa, ukalia kwa hii bega yangu, ukaniambia, 'Mzee, tusimfiche, kijana alijimaliza, mzike kama desturi inavyosema.' Nikakusifu! Nikasema, huyu ni mkwe mwenye ukweli!" Aligeukia kule kwa migomba, akapiga kelele mpaka mishipa ikamtoka shingoni: "Fukieni hilo shimo! Fukieni sasa hivi! Nani ana lile jembe?"

Jembe lilikuwa jikoni. Mzee alilifuata mwenyewe, akipepesuka, akapiga magoti kwenye kizingiti cha jikoni mbele ya mke wa nduguye. Hakuna aliyesikia alichosema. Alitoka nalo, akavua koti lake la matanga, akachimba mbele ya nyumba, penye mlango, pigo la kwanza, la pili, udongo mwekundu ukimrukia ndevuni. Vijana walitoka migombani wakaja kumsaidia, akawakataza kwa kichwa. Kisha watu waliokuwa njiani, nusu ndani nusu nje, wakaanza kuingia. Mwanamke mmoja alitoa ukemi. Mtu fulani akaziendea ngoma kwenye ukuta wa ghala, akazigeuza, akazipasha ngozi kwa moto wa majani makavu. Isikuti ikalia. Ililia vibaya mwanzoni, kama mtu aliyekabwa, halafu ikapata njia.

Jepkemboi alimfunga Philemon pingu. Gari lilikuwa nje ya lango, na kufika langoni lazima mtu apite uani, mbele ya mlango wa jikoni. Kina mama waliliona hilo kabla ya polisi. Kwa mazoea tu, hata siku kama hiyo, watatu walikimbia na leso zao, wakazitandaza kama ukuta mbele ya Navalayo, mkwe apite asionane na mama. Philemon naye akainamisha kichwa, akageuza uso upande wa shamba. Desturi ilikuwa bado inamwendesha, kama kuku aliyekatwa kichwa anavyoendelea kukimbia.

"Shusheni," sauti ilisema nyuma ya leso.

Kina mama hawakuelewa.

"Shusheni hizo leso."

Wakashusha. Ngoma ikanyamaza yenyewe. Navalayo alikuwa amesimama kizingitini, mikono imejaa majivu, na nyuma yake Mideva ameshika fremu ya mlango. Navalayo alimwangalia Philemon usoni, moja kwa moja, macho makavu, kama anayesoma maandishi madogo. Jembe la Mzee Ambetsa lilisimama hewani. Mchungaji akasema, "Mama, hapana," kabla hata hajajua anamkataza nini.

Alishuka kizingiti, akapangusa mkono wake wa kulia kwenye rinda, mbele na nyuma, mpaka majivu yakatoka.

"Afande Lusweti," alisema, "mfungue huyu mkono mmoja. Nataka kumsalimia."